Jihadi, Uhuru na Ugaidi: Maneno ya Vita na Waislamu wa Thika na Ruiru, 1914–1963

Historia ya Waislamu wa Kenya imezoeleka kuandikwa kutoka pwani. Mombasa, Lamu na Malindi zina makadhi wao, tenzi zao na hati zao, na kwa hiyo mtafiti hupata pa kuanzia. Miji ya bara kama Thika na Ruiru hutajwa kwa kahawa, mkonge na reli, na Mwislamu wake hatajwi ila kwa nadra. Hata hivyo, kwa anayetaka kupima nguvu ya propaganda ya vita juu ya Waislamu wa nchi hii, Thika ni mizani iliyo bora kuliko Mombasa. Huko pwani Mwislamu alikuwa na mtawala wa dini yake, japo kwa jina, na mkataba wa 1895 uliohifadhi bendera ya Sultani. Huku bara alikuwa miongoni mwa wachache, tena amekaa juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakikuyu wasiokuwa Waislamu, na lugha aliyouzia, aliyonunulia na kuswalishia watoto wake adabu ndiyo iliyotumiwa na kila upande wa vita.

Mwislamu huyu aliitwa mara mbili. Katika vita vya 1914 hadi 1918 aliitwa kwa neno jihadi. Katika vita vya 1952 hadi 1960 aliitwa kwa neno uhuru. Inadaiwa hapa kwamba neno la kwanza, ambalo lilikuwa lake, halikumtikisa. Na neno la pili, ambalo halikuletwa kwake kama neno la dini, ndilo lililofanya kazi iliyotarajiwa kufanywa na lile la kwanza.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kwa miaka yote ya vita vya kwanza mji huo ulikuwa ndio mwisho wa tawi hilo. Pamoja na reli wakaja makarani wa Kihindi, wachuuzi, mafundi, askari waliomaliza muda wao, na watu wa makabila mbalimbali ambao kwa kusilimu na kwa kusema Kiswahili waliitwa Waswahili hata kama hawakupata kuiona bahari. Ndivyo mitaa ya Waislamu ilivyozaliwa katika miji mingi ya bara. Wenyeji wa mitaa hiyo hawakuwa na ardhi. Riziki yao ilitegemea soko, stesheni na mashamba ya walowezi yaliyouzunguka mji mpaka Ruiru. Jambo hili lafaa likumbukwe, kwa kuwa mtu asiyekuwa na ardhi huisikia habari ya vita vya ardhi kwa namna yake.

Mwezi wa Novemba 1914 fatwa ya jihadi ilisomwa Istanbul. Uturuki ilikuwa imeingia vitani upande wa Ujerumani, na Wajerumani wa Afrika Mashariki waliharakisha kuitumia fatwa hiyo dhidi ya Waingereza. Waislamu wakaambiwa kwamba Khalifa wa Waislamu wote amewataka wapigane. Upande wa pili, Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub, aliwahimiza raia zake washikamane na Uingereza. Basi Mwislamu mmoja aliitwa na makhalifa wawili, mmoja kwa cheo na mmoja kwa jina, na nyuma ya kila mmoja alisimama Mkristo wa Ulaya mwenye mizinga.

Wanazuoni wa fiqhi wanajua masharti ya jihadi. Anayeitangaza sharti awe na mamlaka ya kuitangaza. Na kupigana huwa faradhi ya kila mtu pale nchi ya Waislamu inapovamiwa, vinginevyo hutosha wakitimiza baadhi. Lakini hapakuhitajika elimu kubwa ya fiqhi kuona kasoro ya mwito huu. Wajerumani waliokuwa wakihubiri jihadi ndio waliomnyonga Bushiri bin Salim huko Pangani mwaka 1889, na ndio waliovizima vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 kwa moto na njaa. Gavana Heinrich Schnee mwenyewe, mwaka 1913, alikuwa amewapelekea maofisa wake waraka wa siri akiwauliza njia za kuzuia kuenea kwa Uislamu, na miongoni mwa njia zilizofikiriwa ni kuwahimiza wenyeji wafuge nguruwe. Waingereza walipoiteka Moshi mwezi wa Machi 1916 waliukuta waraka huo, wakautafsiri na kuueneza kwa furaha isiyofichika. Katika historia yote ya propaganda ya vita hivyo ni vigumu kupata silaha iliyomrudia mwenyewe vibaya zaidi. Miezi michache baadaye, Juni 1916, Sharifu Hussein wa Makka akawaasi Waturuki, na hoja ya Khalifa mmoja wa Waislamu wote ikaishiwa na nguvu hata mahali pa kuelekea kibla.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kushindwa kwa neno jihadi kulikuwa ni ushindi wa hoja ya Kiingereza. Waislamu wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, walipigana na Waislamu wa jeshi la Wajerumani. Pande zote mbili zikiamrishwa na kutukanwa kwa Kiswahili, na pande zote mbili zikifunga Ramadhani pale hali iliporuhusu. Wale ambao vita viliwafika kwa uzito zaidi hawakuulizwa dini yao. Makumi ya maelfu ya wanaume wa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi wa kariakoo. Wa Fort Hall walipitia Thika kuelekea Nairobi, na wengi walikufa kwa kuhara, homa na utapiamlo kabla ya kuisikia bunduki. Waliorudi walirudi na mambo mawili: Kiswahili, na kutoamini maneno ya serikali iwayo yote. Kuhusu silaha, mwito wa kweli uliotokea Kenya mwaka 1914 ulikuwa ule wa Wagiriama, nao haukutoka Istanbul. Ulifungwa kwa kiapo cha fisi.

Kati ya vita na vita neno jihadi liliendelea kujadiliwa, lakini kwa kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Mombasa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akiwakemea Waislamu kwa kulala huku wakitawaliwa. Silaha aliyoihimiza ni elimu. Wafuasi wa Ahmadiyya, ambao gazeti lao Mapenzi ya Mungu lilianza mwaka 1936 na ambao tafsiri yao ya Kurani ilitoka Nairobi mwaka 1953, walishika msimamo kwamba jihadi ya upanga si ya zama hizi. Masunni waliwapinga vikali katika mambo mengi, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikuwa mbele ya wapinzani hao. Lakini katika swali la kumshikia silaha Mwingereza wa Kenya, pande hizi mbili hazikuwa mbali kwa vitendo. Ndivyo Hali ya Hatari ilivyowakuta.

Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Thika na Ruiru zilikuwa mpakani hasa: upande mmoja mashamba ya walowezi, upande wa pili vijiji vya Wakikuyu waliogeuzwa maskwota katika nchi ya babu zao. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Ukikuyu, Embu na Meru walihamishiwa katika vijiji vya boma. Kamiti, si mbali na Ruiru, likawa jina la kitanzi. Humo ndimo alimonyongwa Dedan Kimathi tarehe 18 Februari 1957, mmoja katika watu 1,090 walionyongwa katika vita hivyo.

Vita hivi vilikuwa na msamiati wake, nao unastahili kutazamwa na wanaisimu zaidi ya ulivyotazamwa. Wapiganaji waliitwa itungati na wenzao. Wapinzani wao waliwaita imaramari, na katika Kiswahili cha serikali wakaitwa magaidi. Walinzi wa vijiji waliitwa ngati, neno lililozaliwa na lile la Kiingereza la mlinzi. Msaliti aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, ili awaonyeshe askari nani ale kiapo na nani hakula, aliitwa gakunia. Asili yake ni gunia la Kiswahili, lile lile lililobebea kahawa ya Ruiru. Na lengo la vita liliitwa kwa Kikuyu wiyathi, hali ya mtu kujitawala mwenyewe nyumbani mwake, jambo ambalo bila ardhi halitimii.

Mwislamu wa mji alisimama wapi? Kwanza, kiapo kilimzuia. Kwa sheria yake yamini haifai ila kwa jina la Mungu, na kiapo cha damu, nyama ya mbuzi na udongo kilikuwa kwake ni ushirikina. Pili, wengi wa Waislamu wa Thika hawakuwa Wakikuyu, na vita havikuwahusu kwa ukoo. Tatu, ndugu zao katika imani, wakiwemo Wasomali na Wanubi, walikuwa katika Keya iliyokuwa ikiwasaka watu wa msituni. Hoja hizi tatu hutosha kueleza ukimya, na mara nyingi ndizo pekee zinazotolewa.

Hazitoshi. Katika Kurani, Sura ya 22, aya ya 39 na ya 40 huhesabiwa na wafasiri wengi kuwa ndizo za mwanzo kuruhusu kupigana. Na sababu inayotajwa humo ni kudhulumiwa na kutolewa majumbani bila ya haki. Mwislamu aliyekisoma kisa hicho kisha akatazama nje ya mji wa Thika hakuweza kukosa kuona ni nani aliyetolewa nyumbani kwake. Alikuwa na dalili ya haki ya vita hivyo katika kitabu chake, na alikuwa na kizuizi cha kuingia vitani katika kitabu hicho hicho. Hali hii ni ngumu kuliko uoga, na wanahistoria walioandika tu kwamba Waislamu wa bara walikaa kando hawakuitendea haki.

Ni hapo ilipoingia sauti ya redio. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili, na miongoni mwa watangazaji wake wa mwanzo alikuwa Ahmed Rashad Ali wa Unguja. Katika kitabu chake kuhusu falsafa ya mapinduzi, Gamal Abdel Nasser alikuwa ameitaja Misri kuwa imo ndani ya duara tatu: ya Kiarabu, ya Kiafrika na ya Kiislamu. Ingetazamiwa kwamba Cairo ingemwambia Mwislamu wa Kenya habari za duara ya tatu. Haikufanya hivyo. Ilimwambia habari za ya pili. Iliwasifu Mau Mau, watu ambao hawakuswali, kuwa ni wapigania uhuru. Iliwaita Waingereza wakoloni na mabeberu. Na waliowasaidia ikawaita vibaraka. Neno jihadi, ambalo Mjerumani wa 1914 alilitumia bila haya, Mwarabu wa 1954 alikuwa na busara ya kuliweka kando.

Tena kulikuwa na tofauti ya njia. Propaganda ya 1914 ilitegemea sana karatasi, na karatasi ilimfikia mwenye kusoma tu. Redio ilimfikia aliyekaa hotelini mbele ya kikombe cha chai, Mwislamu na asiye Mwislamu, wakasikia neno moja kwa wakati mmoja. Serikali ililijua hilo na ikapambana na Cairo kwa matangazo yake yenyewe ya Kiswahili, yakiwemo ya Sauti ya Mvita.

Uhuru ni neno lenye mzizi wa Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ya kisheria: hali ya mtu asiyekuwa mtumwa. Katika Kiswahili cha karne iliyotangulia, kumwacha mtu huru ni kumtoa utumwani, na utumwa pwani ya Kenya haukukomeshwa kisheria mpaka 1907. Neno hili ndilo lililochukuliwa na wanasiasa wa bara kulibeba wiyathi la Wakikuyu. Hata jina Mau Mau, ambalo asili yake haijakubaliwa na wote, lilikuja kufumbuliwa kwa Kiswahili: Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru. Kwa Mkikuyu lilikuwa neno jipya lililobeba maana ya zamani ya ardhi. Kwa Mwislamu lilikuwa neno la zamani, lililotoka katika vitabu vya sheria, lililobeba maana mpya ya taifa. Wawili hao waliweza kulitamka pamoja sokoni Thika bila ya mmoja kula kiapo cha mwenzake.

Pwani hali ilikuwa nyingine. Matangazo ya Cairo yaliwatia wasiwasi wale waliotaka Mwambao ujitenge, kwa kuwa uhuru wa Mwafrika uliotangazwa na Mwarabu wa Misri haukuacha nafasi kwa bendera ya Sultani. Jambo hilo lilimalizika kwa makubaliano ya Oktoba 1963.

Baada ya vita vya Suez vya 1956 Waingereza walihitaji mahali pa kuwaweka askari wa akiba kwa ajili ya Mashariki ya Kati, na kambi kubwa ya Templer ikajengwa Kahawa, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Ruiru. Mwezi wa Julai 1961 brigedi ya 24, iliyokuwa na makao yake Kenya, ilipelekwa Kuwait. Kwa mara nyingine nchi ya Wakikuyu ilitumika kuwa ghala la jeshi la kigeni, safari hii kwa kazi ya nchi za Kiislamu. Cairo haikulinyamazia jambo la kambi za kigeni, na msikilizaji wa Ruiru hakuhitaji ramani.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1963 haukuyafuta maneno ya vita. Mwezi huo huo Hali ya Hatari ilitangazwa tena, sasa katika wilaya za kaskazini, na Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia wakaitwa shifta. Redio Mogadishu nayo ikajibu kwa Kiswahili. Mwislamu wa Kisomali aliyekuwa na duka mjini bara akajikuta anaelezwa na neno lililotungiwa wezi wa njiani, kama jirani yake Mkikuyu alivyoelezwa miaka kumi nyuma. Mau Mau wenyewe walibaki katika sheria kuwa chama kilichopigwa marufuku mpaka mwaka 2003, ambapo marufuku hiyo ya kikoloni iliondolewa. Kambi ya Kahawa ilikabidhiwa mapema zaidi: mwaka 1965 iligeuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta, ambacho baadaye kilikuwa chuo kikuu, na katika majengo yaliyoanza kwa kulaza askari, Kiswahili ni moja ya masomo yanayofundishwa.