Kilo 43

Daktari alimpima bibi yangu uzito kabla hata ya kumsikiliza moyo. Kilo 43. Tulikuwa London, ambako Bibi anaishi kwa shangazi yangu, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Mwambie sikunenepa hata siku niliyoolewa," Bibi alisema, kwa majivuno. Nami nilifurahi, si tumeambiwa wanene ndio hufa kwa moyo? Daktari hakutabasamu.

Vali ya aota ya Bibi ilikuwa imekakamaa kwa chokaa. Alitaka kumwekea mpya bila kupasua kifua, kwa kuipitisha katika mrija kutoka pajani hadi moyoni. Usiku ule nikaanza kusoma.

Daktari wa Denmark, Henning Rud Andersen, alijaribu jambo hilo kwa nguruwe mwaka 1989, kwa vali alizojitengenezea kwa mkono. Binadamu wa kwanza aliwekewa na Alain Cribier mjini Rouen, Ufaransa, tarehe 16 Aprili 2002: mwanamume wa miaka 57 aliyekuwa mahututi. Mishipa ya miguu yake ilikuwa imeharibika mno, hivyo Cribier akapitia vena na kutoboa ukuta ndani ya moyo. Vali ilifanya kazi. Mgonjwa alifariki miezi 4 hivi baadaye, na tatizo halikuwa vali, lilikuwa mguu.

Hapo nikaanza kumwelewa daktari wetu. Mirija ya miaka ya mwanzo ilikuwa na upana wa milimita 8 kwa ndani. Mshipa wa paja wa mwanamke mdogo waweza kuwa na 6, au pungufu. Ukilazimisha, unachanika, na mwenye kilo 43 hana damu ya kupoteza. Siku hizi iko mirija isiyofika milimita 5, inayotanuka vali inapopita.

Wanene nao wana shida zao: mshipa umezama, ni vigumu kuutoboa mahali sahihi na kuuziba vizuri. Hata hivyo, tafiti nyingi zimeona kwamba baada ya vali hii wembamba sana ndio hufa zaidi, si wanene. Wataalamu hukiita kitendawili cha unene. Mimi siamini kwamba mafuta yanamlinda mtu. Wengi wa wembamba hao walikuwa wamekwisha kwa maradhi kabla ya kufika kitandani.

Na kipimo chenyewe? Kugawa kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe ni hesabu ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtaalamu wa nyota na takwimu. Alimtafuta binadamu wa wastani, hakuwa na mgonjwa mbele yake. Hesabu yake haijui msuli, mafuta wala maji.

Maji! Tuliporudi kliniki daktari alimvua Bibi soksi, akabonyeza kifundo cha mguu. Kidole kiliacha shimo. Kwa hiyo hata zile 43 hazikuwa zake zote.

Picha ya CT ilionyesha mshipa wa milimita 5 na nusu. Wakapita, polepole. Kesho yake Bibi alifunua shuka: paja zima lilikuwa jeusi hadi gotini.

"Waulize," aliniambia, "moyo wangu waliutafuta huku?"