Ukali wa Adhabu

Mtu wa Kate, wilayani Nkasi, akifungwa na Mahakama ya Wilaya ya Nkasi, rufaa yake huenda Mahakama Kuu, Sumbawanga. Kama alikiri kosa, kwa kawaida hawezi tena kupinga kutiwa hatiani. Anabaki na adhabu tu, na mlango wa kuipinga una hoja mbili: ukali wa adhabu na uhalali wa adhabu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama za Tanzania, kwa hiyo anayeandika sababu za rufaa lazima ajue anashika ipi.

Uhalali unahusu mipaka ya sheria. Kifungo cha juu cha wizi wa kawaida ni miaka 7. Hakimu akitoa 9, adhabu ni batili hata kama mshtakiwa ni mwizi sugu. Ukali huja pale sheria haikuvunjwa. Kijana amekiri, ni kosa lake la kwanza, amesota mahabusu, kisha anapewa miaka 5. Wapo wanaoandika "ukubwa wa adhabu". Mimi nashikilia ukali: ukubwa huhesabu miaka, ukali huipima miaka hiyo dhidi ya mtu na kosa lake.

Hata hivyo, jaji hapunguzi eti kwa kuwa yeye angetoa 2. Aonyeshwe kwamba hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, aliacha jambo zito kama kule kukiri, au adhabu imepita kiasi waziwazi. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake ya chini ni miaka 30, hoja ya ukali haina pa kushika.

Jaji akikataa kupunguza, ndipo tofauti inapouma. Sheria ya Mamlaka ya Rufani inaruhusu rufaa ya pili kwa hoja ya kisheria pekee, na inatamka wazi kuwa ukali wa adhabu haumo. Kwa kesi iliyoanzia Nkasi, ukali unaishia Sumbawanga; uhalali unavuka hadi Mahakama ya Rufani.

Ndugu wa mfungwa wajue na hili: kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na aliye gerezani hulipitisha kwa Mkuu wa Gereza. Wajue pia kwamba jaji aliyeombwa kupunguza adhabu ana mamlaka ya kuiongeza.