Mila yenye namba ya Serikali

Waulize wazee wa Shinyanga kwa nini mjane hana chake katika nyumba aliyoijenga na mumewe. Watakujibu kwamba ndiyo mila, tangu enzi za mababu. Lakini mila hiyo ina tarehe. Mwaka 1953 Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, mzaliwa wa Austria, alichapisha kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma. Waliomweleza walikuwa hasa watemi na wazee. Miaka 10 baadaye, nchi ikiwa huru, kazi yake ya kuoanisha mila za makabila ikazaa Tangazo la Serikali Na. 436. Desturi iliyoweza kulegezwa kikaoni ikawa kanuni: mtoto wa kwanza wa kiume mbele, ndugu zake wa kiume wakifuata, mabinti mwisho. Mjane hapati kitu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. (Watoto wakiwa bado wananyonya, nani amtunze nani?)

Mwaka 1990, katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa babaye, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitamka kuwa kumzuia kuliuza kwa kuwa ni mwanamke ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Wanaharakati wakapata pa kushika.

Ndipo wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa majumbani na upande wa waume zao, wakafungua shauri Mahakama Kuu mwaka 2005. Mwaka uliofuata mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta: ikigusa za Wasukuma, za makabila mengine zaidi ya 120 zitafuata. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, iliwapa haki na kutaka wafidiwe na sheria irekebishwe.

Kanuni zilifikiria ng'ombe na ardhi ya ukoo. Katika Geita na Kahama za leo, mtu hufa akiacha vyumba vya kupangisha, pikipiki na fungu katika duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, na mara nyingi mtaji wa kwanza ulitoka kwenye genge la mkewe. Kuhusu mabadiliko, Mahakama Kuu ilielekeza yaanzie kwenye halmashauri za wilaya. Ni halmashauri za wilaya zilizoipitisha mila hiyo ya Cory mwaka 1963.