Jinsi uzani wa mtoto unavyoathiri nafasi yake ya kupona maambukizi makali

KWA mzazi wa Kalama, kaunti ndogo iliyo kusini mwa mji wa Machakos, mizani ya kliniki ni chombo kilichozoeleka. Mtoto hupimwa, kilo zake huandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kisha mama hurejea nyumbani. Hata hivyo, kilo hizo ndizo huwaongoza madaktari siku mtoto anapofikishwa hospitalini akiwa mahututi, na ni miongoni mwa dalili za mapema zinazoonyesha ukubwa wa hatari inayomkabili.

Maambukizi makali ni yale yanayovuka mahali yalipoanzia, kama vile mapafu, utumbo au ngozi, na kuuvuruga mwili mzima hadi viungo muhimu vikaanza kushindwa kufanya kazi. Madaktari huiita hali hiyo sepsisi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa mwaka 2017 watu wapatao milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi na milioni 11 wakafariki. Watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa karibu milioni 20 kati ya wagonjwa hao, na milioni 2.9 kati ya waliokufa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), karibu nusu ya vifo vya watoto wa umri huo huhusiana na lishe duni. Wengi wao hawafi kwa njaa yenyewe, bali kwa kichomi, kuhara, surua au malaria, magonjwa ambayo mwenzao mwenye afya nzuri angeyastahimili.

Ushahidi kutoka Kenya

Kenya imechangia pakubwa elimu hii. Huko Machakos kwenyewe, watafiti wa kituo cha utafiti wa kimatibabu cha Nairobi na wenzao wa Royal Tropical Institute ya Uholanzi walifuatilia familia za eneo la kaskazini mwa wilaya ya wakati huo katika miaka ya 1970, wakiandika kuzaliwa, vifo, surua na kifaduro. Matokeo yao yalitolewa kama kitabu mwaka 1984.

Baadaye, hospitali ya Kilifi iliwapima bakteria katika damu watoto waliolazwa kati ya mwaka 1998 na 2002. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2005 ilionyesha kuwa bakteria walipatikana katika damu ya asilimia 12.8 ya watoto wachanga wa chini ya siku 60, na asilimia 5.9 ya waliozidi umri huo. Miongoni mwa watoto waliofia hospitalini, asilimia 26 walikuwa na bakteria katika damu.

Mwili dhaifu hushindwaje?

Mtoto aliyekonda hana akiba. Mafuta na misuli, ambavyo ndivyo ghala la nguvu wakati wa ugonjwa, vimekwisha kutumika. Akikaa saa chache bila kula, sukari katika damu yake inaweza kushuka kiasi cha kuhatarisha maisha, na mwili wake hupoteza joto upesi.

Aidha, kinga yake imedhoofika. Tezi ya thaimasi iliyo kifuani, ambamo baadhi ya chembe za kinga hukomaa, husinyaa. Utando wa utumbo hulegea na kuwapa bakteria njia ya kuingia katika damu. Kwa sababu hiyo, mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na maambukizi ya kutisha bila kuwa na homa. Mzazi anayesubiri mwili uwe moto ndipo aende hospitali huenda akachelewa.

Maambukizi nayo humwondolea mtoto hamu ya kula na kumaliza misuli iliyosalia. Ndivyo mduara unavyojifunga: lishe duni hukaribisha ugonjwa, na ugonjwa huzidisha lishe duni.

Mizani pekee haitoshi

Kwa viwango vya WHO vya mwaka 2006, mvulana wa wastani wa umri wa mwaka mmoja huwa na kilo 9.6 na msichana kilo 8.9. Hata hivyo, kilo zinaweza kudanganya. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba miguu, na maji hayo huongeza uzani wake ilhali nyama ya mwili imepungua. Kwa upande mwingine, anayeharisha hupoteza maji na kuonekana amekonda kuliko alivyo.

Ndiyo maana wahudumu hutumia pia utepe wa kupimia mzingo wa mkono, katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni ishara ya utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa wastani. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa utepe huo, ambao ni rahisi kutumia, unaweza kuwatambua watoto walio katika hatari ya kufa hospitalini sawa na hesabu ya uzani kwa kimo.

Uzani vilevile ndio msingi wa kipimo cha dawa. Dawa nyingi za watoto, ikiwemo gentamaisini inayotumika dhidi ya bakteria, huhesabiwa kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 6 akikisiwa kuwa na kilo 9 kwa kuangalia umri wake tu, atapewa dozi mara moja na nusu ya inayomfaa. Akikisiwa kuwa mwepesi kuliko alivyo, dawa haitatosha kuwashinda bakteria.

Hali ni hiyo hiyo kwa maji ya dripu. Mwaka 2011, matokeo ya utafiti uliowahusisha watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania yaliwashangaza madaktari duniani. Watoto hao walikuwa na homa kali na dalili za damu kutosambaa vyema mwilini. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi katika saa 48, kiasi cha asilimia 10.5, ikilinganishwa na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Wenye utapiamlo mkali hawakujumuishwa, lakini kwao pia miongozo imekuwa ikihimiza tahadhari, kwani moyo wao dhaifu unaweza kulemewa.

Hatari haiishi siku ya kuruhusiwa

Wazazi wengi huamini kuwa mtoto akiruhusiwa kwenda nyumbani basi amepona. Utafiti wa mtandao wa CHAIN uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia watoto 3,101 wa miezi 2 hadi 23 katika hospitali tisa za Afrika na Asia Kusini, zikiwemo za Kenya. Watoto 350 walifariki, na 168 kati yao, yaani asilimia 48, walifariki baada ya kuondoka hospitalini.

Dawa ya kinga pekee haikutosha kuziba pengo hilo. Katika utafiti wa hospitali nne za Kenya uliotolewa mwaka 2016, watoto 1,778 waliotibiwa utapiamlo mkali walipewa kotrimoksazoli au dawa isiyo na nguvu. Vifo vilikuwa asilimia 14 na 15, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Mtoto anahitaji chakula cha tiba, kliniki ya mara kwa mara na kurejeshwa hospitalini upesi akiugua tena.

Uzani uliozidi nao si kinga. Katika mlipuko wa homa ya H1N1 wa mwaka 2009 na janga la Covid-19 lililoanza 2020, unene wa kupindukia ulihusishwa na ugonjwa mkali zaidi. Hata hivyo, nchini Kenya tatizo kubwa ni upungufu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipata kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa na asilimia 5 wamekonda kupita kiasi, huku asilimia 3 wakiwa na uzani uliozidi.

La kufanya Kalama

Kalama, kama sehemu nyingi za Ukambani, hutegemea mvua isiyotabirika. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikikosekana, ghala hubaki tupu na chakula cha mtoto huweza kuwa uji mwepesi usio na kitu. Muthokoi hushibisha, lakini mtoto mdogo huhitaji pia maharagwe, kunde au pojo, yai, maziwa na mboga, vilivyopondwa na kutolewa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Maziwa ya mama pekee yanatosha hadi miezi sita, kisha huendelea pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi.

Chanjo nazo zimefunga baadhi ya milango ya maambukizi. Chanjo dhidi ya bakteria wa Hib ilianza kutolewa nchini mwaka 2001, na ile ya nimokoka, bakteria wanaosababisha kichomi, mwaka 2011.

Mzazi asisubiri mtoto akiwa hanyonyi au hali, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea kuliko kawaida, anapumua kwa shida, ana miguu iliyovimba au mwili wake umekuwa baridi. Apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu, na ikilazimu, hospitali ya Machakos Level 5. Njiani afunikwe vizuri na, ikiwa anaweza kumeza, aendelee kunyonyeshwa. Kijitabu cha kliniki nacho kisisahaulike nyumbani, kwani kilo za mwezi uliopita humwonyesha daktari kama mtoto alianza kudhoofika jana au miezi mitatu iliyopita.