Mchoro unaojibu: kutoka miduara ya Euler hadi kabati la swichi la kiwanda cha chai

 

Leo sitaandika kuhusu simu mpya wala toleo jipya la programu yoyote. Nataka tuongelee historia ya kitu ambacho wengi hudhani ni cha darasani tu: michoro ya mantiki. Yaani ile michoro inayosema "kama hiki kipo NA kile hakipo, basi fanya hivi". Hoja yangu ni moja na naiweka mezani mapema. Mchoro wa mantiki una faida kamili pale ambapo unaweza kuugusa ukakujibu, na pale ambapo yule anayeendesha mashine anaweza kuusoma. Vyote viwili vinahitajika. Kimoja kikikosekana, kuna mtu ataumia au atapata hasara, na hapa Kericho na Bomet huyo mtu mara nyingi ni mfanyakazi wa zamu ya usiku au mkulima.

Haya, twende polepole.

Jani halisubiri

Mashamba makubwa ya chai huku yalianza miaka ya 1920, walipokuja Brooke Bond na African Highlands Produce ya akina James Finlay. Wakulima wadogo walipata nguvu zaidi baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964. Mwaka 2000 KTDA ikageuzwa kuwa kampuni, na viwanda vyake, kama vile Litein, Momul na Tegat upande wa Kericho, au Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet, vinamilikiwa na wakulima wenyewe kwa hisa. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Jani likishachumwa linaanza kubadilika lenyewe. Kiwandani linanyaushwa kwanza ili lipoteze maji. Halafu linapita kwenye mashine za CTC, aina iliyobuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Mashine hizo zina roli mbili zenye meno, zinazozunguka kwa kasi tofauti, na kazi yake ni kulikata jani, kulipasua na kulikunja. Baada ya hapo jani linachachushwa, linakaushwa mpaka unyevu ubaki takriban asilimia 3, kisha linachekechwa kwa madaraja.

Mitambo hii imepangwa kwa mstari. Mkanda unalisha CTC ya kwanza, ya kwanza inalisha ya pili, na kuendelea. Sasa fikiria CTC imesimama ghafla lakini mkanda bado unaleta majani. Rundo! Ndiyo maana kuna kanuni inayojulikana popote penye mitambo ya mstari: washa ukianzia mwisho, zima ukianzia mwanzo.

Kanuni hiyo ni mantiki tupu. Mkanda uzunguke KAMA roli za CTC zinazunguka NA kitufe cha dharura hakijabonyezwa. Swali ni: sentensi kama hiyo inaandikwaje ili mashine iitii, na ili binadamu aikague kabla mashine haijaitii? Hapo ndipo historia inapoanza, na inaanza mbali kidogo na Kericho.

Miduara kwenye karatasi

Kati ya 1760 na 1762, mwanahisabati Leonhard Euler alimwandikia barua binti wa ukoo wa kifalme wa Prussia akimfundisha sayansi. Barua hizo zilianza kuchapishwa mwaka 1768. Alipofika kwenye mantiki, Euler alichora miduara. Kama mduara wa "majani yaliyonyaushwa" uko wote ndani ya mduara wa "majani yaliyopimwa", basi hakuna jani lililonyaushwa bila kupimwa. Huhitaji maneno mengi, unaona kwa macho. (Mfano wa chai ni wangu, Euler hakuwa na kiwanda!)

Mwaka 1854 George Boole akaonyesha kwamba "na", "au" na "si" vinaweza kufanyiwa hesabu, kwa kutumia 1 na 0 tu. Kisha mwaka 1880 John Venn akaboresha miduara. Euler alichora anachokijua tayari. Venn alianza kwa kuchora kila hali inayowezekana, miduara ikipishana, halafu akatia kivuli zile hali ambazo haziwezi kutokea. Miduara 3 inagawa ukurasa katika sehemu 8, ukihesabu na ile ya nje. Ishike hiyo namba 8, tutaihitaji.

Tatizo la michoro hii yote ni kwamba imekufa. Ukibadilisha wazo, unafuta na kuchora upya. Na ukikosea, karatasi haikwambii kitu.

Mchoro unaingia kwenye waya

Mwaka 1937 kijana wa MIT aitwaye Claude Shannon aliandika tasnifu yake ya shahada ya pili, ikachapishwa mwaka uliofuata. Alikuwa akishughulika na relei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Aligundua kwamba hesabu ya Boole inazieleza sawasawa. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, stima inapita tu kama zote zimefungwa: hiyo ni NA. Zikiwa sambamba kwenye njia mbili, moja ikifungwa inatosha: hiyo ni AU. Na relei inayokata stima inapovutwa ni SI.

Kwa hiyo kabati la swichi, lile sanduku la chuma ukutani ambalo likifunguliwa unaona relei na waya za kila rangi, ni mchoro wa mantiki uliotengenezwa kwa shaba. Fundi wa stima anayeulewa mchoro huo anaijua akili ya kiwanda. Lakini kuujaribu kulimaanisha kuwasha mashine yenyewe. Na roli zenye meno si mahali pa kujaribia.

Mchoro unaanza kujibu

Mwaka 1963, hukohuko MIT, Ivan Sutherland alitoa tasnifu ya udaktari kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Ilikuwa kwenye kompyuta ya TX-2, na mtumiaji alichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Ungeweza kuiambia mistari hii miwili iwe sambamba, nayo ingebaki sambamba hata ukivuta kona moja.

Alipofika kwenye michoro ya umeme, Sutherland alisema jambo ambalo naliona ndilo kiini cha habari hii yote: hakuna faida ya kuchora kwa kompyuta kama utapata mchoro tu. Lazima mchoro huo ukupe kitu zaidi. Kwa sakiti, kitu hicho ni jibu: nikiwasha hapa, kule kunatokea nini?

Miaka michache baadaye viwanda navyo vikahitaji jambo hilo. Mwaka 1968 General Motors ya Marekani ilikuwa imechoshwa na makabati ya relei, maana kila gari likibadilishwa modeli ilibidi waya zifungwe upya. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakatengeneza kompyuta ndogo ya kiwandani, Modicon 084. Namba hiyo ni kwa sababu ulikuwa mradi wao wa 84.

Uamuzi wao mmoja ndio ninaoupenda. Mafundi wa stima walikuwa tayari na mchoro wao wa relei, wenye nguzo mbili na vipandio katikati, unaofanana na ngazi. Morley na wenzake wakaufanya mchoro huohuo kuwa lugha ya kuiandikia programu ile kompyuta. Fundi hakulazimishwa kurudi shule, ni kompyuta ndiyo iliyojifunza kusoma mchoro wa fundi. Mwaka 1993 mchoro wa ngazi ukaingia kwenye viwango vya kimataifa vya IEC, na mpaka leo upo kwenye vidhibiti vya viwandani kote duniani.

Jaribu mwenyewe: safu 2 kati ya 8

Huhitaji kiwanda ili ujifunze. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwalimu wa chuo Carl Burch alitoa Logisim, programu huria ya kuchora milango ya mantiki. Toleo lake la mwisho ni 2.7.1 la mwaka 2011, na mwaka 2014 alitangaza kuacha kuiendeleza. Wengine wameiendeleza kwa jina la Logisim-evolution. Unaburuta mlango kwa kipanya, unauunganisha kwa waya, unachukua alama ya mkono na kubonyeza swichi. Waya wenye 1 unang'aa kijani kibichi, wenye 0 ni kijani cheusi. Kwenye menyu milango imeandikwa AND, OR na NOT. Ndizo NA, AU na SI zetu.

Chukua ule mkanda wetu. Una swichi 3:

C: roli za CTC zinazunguka.
M: fundi ameweka swichi ya mkono, ili asogeze mkanda akiusafisha.
D: kitufe cha dharura kimebonyezwa.

Mchoro wa kwanza: (C AU M) NA SI D.
Mchoro wa pili: (C NA SI D) AU M.

Vinafanana, sivyo? Waya mmoja tu umehama. Sasa bonyeza swichi kwa mpangilio wowote. Kuna hali 8, zilezile sehemu 8 za Venn. Katika hali 6 michoro hii inatoa jibu moja. Inatofautiana katika 2 tu: pale M na D vyote vimewashwa, C iwe imewashwa au imezimwa. Mchoro wa kwanza unasimamisha mkanda. Wa pili unaendelea kuuzungusha huku mtu amebonyeza kitufe cha dharura!

Tena angalia hali hiyo inatokea lini: fundi ameweka swichi ya mkono, yuko karibu na mkanda anausafisha, na kuna mtu amebonyeza dharura. Ni wakati mbaya kuliko wote. Ukijaribu mashine juu juu siku ya kuipokea, unaweza kupita zile hali 6 ukasema iko sawa. Kwenye skrini unazipitia zote 8 kwa dakika moja, na hakuna kidole kinachopotea.

(Angalizo la usalama: kitufe halisi cha dharura hakiachiwi programu peke yake. Hufungwa waya zake kukata stima moja kwa moja, na kwa namna ambayo hata waya ukikatika mashine inasimama.)

Nani ana ufunguo?

Sasa turudi kwa wale wakulima wenye hisa. Kabati la relei lilikuwa na wema mmoja: fundi yeyote mwenye tochi na uvumilivu angeweza kufuata waya mpaka aelewe. Kidhibiti cha kisasa mantiki yake iko ndani ya kumbukumbu. Kuisoma kunahitaji programu ya kampuni iliyokitengeneza, mara nyingi yenye leseni, na aliyeiandika anaweza kuifunga kwa nywila. Mchoro unaojibu upo, lakini unamjibu mtu mwingine aliye mbali. Mtambo ukigoma msimu wa majani mengi, kiwanda kinamsubiri huyo mtu. Jani, kama tulivyosema, halisubiri.

Njia nyingine zipo. OpenPLC, iliyoanzishwa na Thiago Alves mwaka 2014, ni programu huria ambayo unachora nayo ngazi na kuiendesha kwenye kompyuta ndogo ya bei nafuu. Sisemi kiwanda kikabidhi mitambo yake yote kwa OpenPLC kesho asubuhi. Nasema kijana wa chuo cha ufundi anaweza kujifunzia nayo bila kulipa leseni, na siku akiingia kiwandani ngazi isiwe ngeni kwake. Na majina ya swichi ayaandike kwa lugha ya zamu: DHARURA, FENI, MKANDA 2. Tangu Jambo OpenOffice ilipotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 tunajua kwamba kompyuta haikatai Kiswahili.

Niseme pia mpaka wa haya yote. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto huku Kericho katika maandamano ya watu waliohofia kazi zao. Hakuna mchoro wa NA na AU utakaojibu nani abaki na kazi. Hilo ni la mezani, la watu kwa watu. Lakini anayeweza kusoma mashine inafanya nini na kwa nini, anakaa kwenye meza hiyo akiwa na la kusema.

Kwa hiyo kama wewe au mzee wako ana hisa kiwandani, kwenye mkutano ujao mtambo mpya ukitajwa, ulizeni mambo 3. Mchoro wa mantiki tutapewa? Programu itakuja wazi, na nakala yake ibaki kiwandani? Na fundi wetu atafundishwa kuisoma?

Wakijibu "hapana" kwa lolote kati ya hayo, basi bei mliyotajiwa bado haijakamilika.

Haya, kazi kwenu. Chora ile michoro miwili uone zile hali 2 kwa macho yako.