Njia ya kutoa zabuni na hatima ya wapangaji wa Eastlands

Mradi wa kujenga upya nyumba kuukuu za kaunti katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, huamuliwa na njia ya kumpata mwanakandarasi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 227, huagiza ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi, wenye ushindani na usiopoteza fedha. Sheria ya ununuzi ya 2015 nayo huipa kipaumbele zabuni ya wazi. Njia hii hufaa pale ambapo michoro na makadirio ya gharama yamekamilika, kwa kuwa washindani wote hukadiria bei ya kazi ile ile.

Mradi ukiwa mgumu kiasi kwamba mwenye kazi hawezi kuueleza kikamilifu, sheria huruhusu zabuni ya hatua mbili: kwanza mapendekezo ya kiufundi, kisha bei. Zabuni ya wachache hutumika kazi inapohitaji ujuzi maalumu. Ununuzi wa moja kwa moja huruhusiwa katika hali chache, kama vile dharura, wala haupaswi kuwa hila ya kukwepa ushindani.

Kaunti isiyo na fedha hushirikiana na mwekezaji binafsi: yenyewe hutoa ardhi, naye hutoa mtaji na kurejeshewa kwa kuuza nyumba. Hivyo ndivyo mtaa wa Pangani, ambako familia 48 zilihama, ulivyoanza kujengwa upya mnamo 2020. Mzigo wa gharama humwangukia mwekezaji, lakini akikawia, aliyehama ndiye anayeendelea kulipa kodi kwingine.

Hapa ndipo penye pengo. Bodi ya kusikiliza malalamiko ya zabuni hupokea rufaa, katika muda wa siku 14, kutoka kwa mshindani au aliyekusudia kushindana. Mpangaji si mmoja wao. Akidhulumiwa, hana budi kwenda mahakamani.

Kwa hiyo, njia yoyote itakayochaguliwa, haki ya mpangaji kurejea, bei atakayouziwa, kodi yake akiwa nje na fidia ya ucheleweshaji ziandikwe katika stakabadhi za zabuni tangu mwanzo. Mwekezaji akishatia sahihi, kila sharti jipya litadaiwa bei yake, na mpangaji aliyekwisha kuhama hana tena cha kushikilia.