Mstari Mweusi wa Morbier

Mara ya kwanza kupewa kipande cha Morbier, nilichukua kisu nikaanza kukwangua ule mstari mweusi unaopita katikati. Nilidhani ni ukungu. Rafiki yangu, aliyekuwa ametoka Ufaransa na jibini mbili amezifunga ndani ya soksi, aliniangalia tu. "Sasa unatoa nini? Si hayo ni masizi."

Masizi! Nikaweka kisu chini.

Hadithi yenyewe, vile watu wa huko wanavyoisimulia, inatoka milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Jibini kubwa ya pale ni Comté, na gurudumu moja la Comté hula karibu lita 400 za maziwa. Hakuna mkulima mdogo wa kutoa hayo peke yake, kwa hivyo kijiji kizima kilikusanya maziwa mahali pamoja. Lakini theluji ikifunga barabara, unabaki nyumbani na ng'ombe wako wachache. Basi mkulima alikama jioni, akagandisha maziwa, akapata bonge lisilojaza hata nusu ya kifinyango. Alipitisha mkono chini ya sufuria, akapaka masizi juu ya lile bonge ili lisikauke na wadudu wasilisogelee. Asubuhi akakama tena na kuongeza bonge la pili juu yake. Ule mstari ulikuwa usiku mmoja.

Siku hizi maziwa ni ya mkamo mmoja. Bonge hukatwa katikati, likapakwa mkaa wa mimea, likaunganishwa tena na kukandamizwa, kisha likakaa siku zisizopungua 45. Mstari umebaki kama alama tu, lakini alama ya pesa. Mwaka wa 2000 jina Morbier lilipewa ulinzi wa kisheria Ufaransa. Kampuni moja ya nje ya eneo hilo, iliyokuwa ikitengeneza jibini hiyo tangu 1979, ililazimika kuacha jina, ikabaki na mstari. Wenye Morbier wakaenda kortini. Desemba 2020, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema ulinzi hauishii kwa jina: hata kuiga sura ya jibini kunaweza kukatazwa, kama sura hiyo inamdanganya mnunuzi. Kesi nzima, kwa sababu ya masizi ya sufuria.

Na mimi nilikuwa nayakwangua. Wacha niseme ukweli: haikuwa mara ya kwanza. Nikiwa shule ya bweni, kogo, nyanya yangu, aliniletea mursik siku ya wageni. Alikuwa amechoma kijiti cha senetwet, akasugua mkaa wake ndani ya kibuyu jinsi inavyofanywa, na maziwa yakatoka na michirizi ya kijivu. Wenzangu wakauliza mbona maziwa ni machafu. Niliyamwaga nyuma ya bweni. Kogo alipochukua kibuyu kitupu nilimwambia tumemaliza yote, na akafurahi sana.

Desemba iliyopita nilimpelekea Morbier. Ni jibini nusu-laini: ukiibonyeza inabonyea, lakini haitiririki. Ikitoka kwenye friji moja kwa moja ni kama raba, haina ladha wala harufu, kwa hivyo niliiacha mezani saa nzima. Nikaikata kama keki, kutoka katikati hadi kwenye ganda, ili kila mtu apate kiini, mstari na ukingo. (Kumkatia mgeni ncha laini peke yake ni uchoyo, au ni kumdekeza, inategemea mgeni.) Nikachemsha viazi na maganda yake, nikavipasua vikiwa moto, na jibini ikaanza kuyeyuka juu yake. Harufu ikapanda. Binamu zangu wakafungua dirisha.

Kogo hakugusa viazi. Alichukua kipande chake, akakigeuza kwenye mwanga, akaugusa mstari kwa ncha ya ulimi. Halafu akaniuliza huo ni mkaa wa mti gani.